Nyambizi ya Gosport na Askari Wetu wa Khedive Ismail

Mwezi uliopita nilikuwa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, kwa ajili ya mkutano wa wanataaluma. Siku ya mwisho ratiba ilituachia mchana mzima. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi nilipanda kivuko kidogo kinachovusha watu kwenda mji wa Gosport, ng'ambo ya bandari. Ni safari ya dakika chache, na ingeweza kabisa kuwa ile ya Magogoni kwenda Kigamboni: watu na baiskeli zao, wafanyakazi wanaorudi makwao, mama mwenye mtoto na mfuko wa mboga. Tofauti ni kwamba nilikuwa ninakwenda kuitazama nyambizi. Nina sababu ya kifamilia ya kuvitazama vyombo hivyo kwa jicho la pekee, nami nitaieleza baadaye kidogo.

Makumbusho ya Nyambizi ya Jeshi la Majini la Uingereza yako kando ya maji. Chombo chake kikubwa ni Alliance, nyambizi iliyoteremshwa majini mwaka 1945, wakati vita vinafikia ukingoni, ikatumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ina urefu wa mita 86 hivi, na leo imeinuliwa juu ya mihimili, kiasi kwamba mtu anaweza kuliona tumbo lake lote. Ukiingia ndani unaelewa upesi kwa nini kazi hii haikuwa ya kila mtu. Njia ni moja, nyembamba, na vichwa vya wageni hugonga mabomba. Watu zaidi ya sitini waliishi humo kwa majuma mengi, wakipikiwa katika jiko ambalo mpishi wa hoteli zetu angelikataa kuwa stoo.

Aliyetuongoza alikuwa mzee aliyepata kutumika katika nyambizi ujanani mwake. Kundi letu lilikuwa na wageni wachache na watoto wa shule wapatao ishirini. Mtoto mmoja akauliza walikuwa wanaoga wapi. Mzee akajibu kwamba maji baridi yalikuwa ya kunywa na ya kupikia, kwa hiyo hawakuoga, na kwamba aliporudi nyumbani mama yake alimtaka avue nguo mlangoni. Watoto wakacheka sana. Walipomaliza kucheka akawaambia habari ya Affray, nyambizi ya ukoo mmoja na hii tuliyosimama ndani yake. Ilizama tarehe 16 Aprili 1951 na watu 75, na hakuna aliyeokoka. Akawaonyesha kitanda na kusema, "Waliolala kwenye vitanda kama hiki walikuwa vijana, wengine wakubwa kidogo tu kuliko kaka zenu." Watoto hawakucheka tena. Mmoja alikigusa kitanda kile kwa kidole kisha akarudisha mkono wake haraka.

Sisi tuliozoea lugha ya ofisi za umma tuna maneno tunayoyapenda: kuwafikia wananchi, kushirikisha jamii, kutoa elimu kwa umma. Mara nyingi maana yake ni bango, fulana, mgeni rasmi na posho. Pale nilimwona mzee mmoja na watoto ishirini wakizungumza kuhusu kuoga na kuhusu kufa, na kwa mazungumzo hayo ya robo saa wale watoto walirithishwa kitu. Niliwaza kwamba huku ndiko kuifikia jamii: aliyebeba kumbukumbu anakutanishwa na asiyekuwa nayo, naye anaruhusiwa kuuliza swali lolote, hata la choo.

Jamii yenyewe ina sababu ya kuyashikilia makumbusho haya. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ngome iliyo jirani nayo ilikuwa makao ya nyambizi za Uingereza. Mwaka 1998 kambi ile ilifungwa. Mji ukaondokewa na mabaharia waliojaza mitaa na baa zake, na kilichobaki cha kuwaunganisha wenyeji na historia hiyo ni makumbusho. Alliance yenyewe ni mnara rasmi wa kuwakumbuka Waingereza zaidi ya 5,000 waliofia katika utumishi wa nyambizi. Ilipokuwa imeliwa na kutu, ilikarabatiwa na kazi ikakamilika mwaka 2014, fedha nyingi zikitoka katika mfuko wa bahati nasibu ya taifa unaosaidia mambo ya urithi.

Jambo jingine lilinigusa zaidi. Katika jengo la pembeni kuna chombo kidogo kiitwacho Holland 1, nyambizi ya kwanza ya Jeshi la Majini la Uingereza, iliyoteremshwa majini mwaka 1901. Miaka michache baadaye ilionekana imepitwa na wakati, ikauzwa kama chuma chakavu. Mwaka 1913, ikiwa inakokotwa kwenda kukatwakatwa, ilizama. Hakuna aliyeililia. Ilikaa chini ya bahari hadi ilipogunduliwa mwaka 1981, ikaibuliwa mwaka 1982, na kwa kuwa chumvi iliendelea kuila, ililazimika baadaye kuzamishwa kwa miaka kadhaa katika tangi la dawa ili chuma kisiendelee kuoza.

Ninayasema haya kwa sababu tuna tabia ya kudhani kwamba mataifa mengine yalizaliwa yakiwa na heshima ya historia, na sisi tukazaliwa bila hiyo. Si kweli. Hata wao waliitupa nyambizi yao ya kwanza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Baadaye walibadili mawazo, wakaifuata chini ya bahari. Urithi ni uamuzi, na uamuzi unaweza kufanywa hata ukiwa umechelewa.

Sasa nieleze sababu yangu. Katika chumba cha mbele cha Alliance kuna mirija ya kurushia topido. Watoto walipita haraka, mimi nikabaki. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kaka aliyechukuliwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akawekwa katika kikosi cha mizinga. Hakurudi. Katika ukoo wetu ilisemwa siku zote kwamba "alifia Burma". Hata hivyo, mama anakumbuka kwamba bibi, kila alipomlilia kaka yake, alisema neno moja ambalo watoto hawakulielewa: "Amezama." Hatukuwahi kuuliza mtu anazamaje Burma, katika vita vya msituni.

Nilikuwa mtu mzima, tayari ninafundisha, nilipokutana kwa mara ya kwanza na habari za meli iitwayo Khedive Ismail. Mapema mwezi Februari 1944 meli hiyo iliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, katika msafara wa meli tano za kubeba askari zikielekea Colombo. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa kujiunga na vita dhidi ya Wajapani. Walikuwamo pia wauguzi wa kike, mabaharia na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 Februari, yapata saa nane na nusu mchana, kusini magharibi mwa visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama chini ya dakika tatu. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297, na wengi wao walikuwa vijana wa Afrika Mashariki.

Hapo sijafikia sehemu iliyo ngumu zaidi kusimuliwa. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, zilirudi kuwaokoa waliokuwa wakielea. Ikabainika kwamba nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, miongoni mwa mabaki ya meli. Kuiacha kulikuwa kuziweka hatarini meli nyingine nne zilizojaa askari. Kuishambulia kulikuwa kurusha mabomu ya kulipuka ndani ya maji, mahali pale pale watu walipokuwa wakiogelea. Mabomu yalirushwa. Nyambizi ililazimika kuibuka, na baada ya mapambano marefu Petard iliizamisha kwa topido ya saba. Baadhi ya waliokuwa wameokoka katika meli waliuawa na wale waliokuja kuwaokoa.

Mimi si hakimu wa nahodha yule. Petard hiyo hiyo ndiyo ambayo mabaharia wake, mwezi Oktoba 1942, waliingia katika nyambizi ya Kijerumani U-559 iliyokuwa inazama, wakatoa vitabu vya maandishi ya siri vilivyosaidia sana katika vita, na wawili kati yao wakazama nayo. Ujasiri na lile jambo la Februari 1944 vimo katika chombo kimoja. Ukiutaka urithi wa majini lazima uchukue vyote viwili. Anayechukua kimoja tu amejichagulia hadithi, na historia ameiacha.

Makumbusho ya nyambizi, mahali popote duniani, yana upungufu unaotokana na umbile la chombo chenyewe. Yanamweka mgeni ndani. Humo anajifunza uvumilivu na uoga wa walio chini ya maji. Walio juu, wale ambao topido inawaendea, hubaki kuwa kivuli kwenye kioo cha periskopu. Bila shaka katika I-27 nao walikuwamo vijana waliokosa kuoga na waliowakumbuka mama zao, na wao pia walikufa siku ile. Lakini kaka yake bibi, kama nilivyoanza kuamini, alikuwa kivuli kwenye kioo.

Baada ya watoto kuondoka nilimweleza mzee yule habari hii. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kurusha topido dhidi ya binadamu, na kwamba humshukuru Mungu kwa hilo. Kisha akaniomba nimwandikie jina la meli kwenye karatasi. Alipoikunja karatasi na kuitia mfukoni aliniuliza, bila ubaya wowote, makumbusho yetu huko nyumbani yanawaeleza nini watoto kuhusu meli hiyo.

Sikuwa na jibu. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilipita shule ya msingi, sekondari na chuo, na sikuwahi kusikia jina la Khedive Ismail darasani, wala mimi mwenyewe sikuwahi kulitaja mbele ya wanafunzi wangu. Niliporudi niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili, darasa la watu wapatao sitini, nani amewahi kulisikia. Hapakuwa na mkono hata mmoja. Lakini wengi walilijua jina la Titanic.

Si kwamba hatuna vitu. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, upo mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Hapo hapo Mombasa, katika shule ya Allidina Visram, waliwekwa wataalamu wa Kiingereza wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, wakati Kilindini ilipokuwa makao ya meli za kivita zilizokimbia kutoka Ceylon mwaka 1942. Dar es Salaam tunayo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya waliokufa katika Vita vya Kwanza. Chuma na shaba tunavyo. Tunachokosa ni yule mzee na wale watoto ishirini.

Tena tazama Sanamu ya Askari kwa makini. Haina jina la mtu. Mwezi Aprili 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliofia katika utumishi wa Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya kikoloni iliona sanamu moja inawatosha wote.

Kwa waliokufa katika Vita vya Pili hali ni tofauti kidogo. Kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, upo Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, na askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail wameandikwa humo. Majina hayo yanaweza pia kutafutwa mtandaoni. Niliyatafuta kwa usiku mbili. Baadhi yameandikwa kwa neno moja tu, kwa tahajia ya karani aliyesikia kwa sikio la kigeni. Jina la kaka yake bibi nimelikuta, katika maumbo matatu, kwa watu watatu. Mmoja wao anaweza kuwa yeye. Nilimpigia mama simu nikamweleza yote, polepole. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo Burma hakufika?" Nikamwambia, "Nadhani hakufika, mama." Akasema, "Basi bibi yako alikuwa anasema kweli."

Darasani mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, vita ile haikuwa yetu. Kwa nini tuwaenzi watu waliokufa kwa ajili ya mfalme wa Uingereza?" Ni hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Wapo waliojiandikisha kwa hiari, wapo waliosukumwa na njaa na kodi, wapo waliochukuliwa kwa nguvu. Lakini hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho, inatudai tuwakumbuke zaidi. Kama hawakufa kwa ajili yao wenyewe, basi yupo aliyewatuma, na kuna maswali ya kuuliza: nani aliwapakia katika meli ile, familia zao zililipwa nini, nani aliwapelekea habari. Huwezi kudai haki ya mtu usiyemjua jina. Mkoloni aliwachukua, na angalau akayachonga majina yao. Sisi tulio huru hatujayasoma.

Wengine watasema urithi wa kijeshi ni njia ya serikali kujitukuza, na kwamba kila makumbusho ya vita huishia kuwa tangazo la kuandikisha askari. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kuwaachia walioshuhudia na familia zao nafasi ya kusema, pamoja na yale yasiyopendeza. Tangazo la kuandikisha askari halitasimulia mabomu yaliyorushwa kati ya watu waliokuwa wakiogelea. Makumbusho ya kweli yatasimulia.

Ninawaandikia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa walio katika elimu, utamaduni na bandari. Siombi nyambizi, wala jengo jipya, wala mgeni rasmi. Ninaomba mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti kubwa. La kwanza, habari ya Khedive Ismail iingie katika masomo ya historia ya sekondari, hata kama ni kwa ukurasa mmoja. La pili, wazee waliotumika baharini, katika jeshi la wanamaji, katika meli za mizigo na hata katika majahazi, waalikwe shuleni na katika makumbusho tuliyo nayo wazungumze na watoto kabla hawajatutoka. La tatu, ofisi zetu za kumbukumbu zifungue mlango kwa familia zinazotafuta watu wao. Nilipokwenda katika ofisi moja nikiwa na barua ya chuo, niliambiwa nirudi na kibali kingine. Mimi ni mhadhiri na ninajua njia. Mwanakijiji mwenye jina la babu yake moyoni ataambiwa nini?

Kwa upande wangu nimeanza na kilicho ndani ya uwezo wangu. Tarehe 12 Februari mwakani, saa nane na nusu mchana, mimi na wanafunzi wangu tutakuwa ufukweni. Kila mmoja atakuja na majina ishirini kutoka katika orodha ile, atayasoma kwa sauti, kwa matamshi ya lugha zetu na si ya karani. Yule aliyeuliza kwa nini tuwaenzi ameomba asome wa kwanza.

Na wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu yupo mzee anayesema kwamba kuna mtu wa ukoo "aliyefia Burma", usimpite. Kaa naye, muulize alikuwa kikosi gani, aliondoka mwezi gani, na habari za kifo chake zilifika kwa maneno gani. Andika kama anavyosema, hata kama neno lenyewe halieleweki. Katika ukoo wetu tulilisikia neno moja kwa zaidi ya miaka sitini, na hatukuuliza.